Mguu wa Nne wa Majivu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare za shule, Chiriku alikuwa na kazi moja: kusafisha kwato za Majivu. Jina la Chiriku alipewa na baba yake. Alipoanza kusema akiwa mdogo, hakunyamaza tena, na jina likamganda mpaka walimu nao wakamwita hivyo.

Majivu alikuwa farasi jike, rangi yake kama jina lake. Alivuta mkokoteni wa Baba, uliobeba matofali kutoka kwenye tanuri hadi kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa kila pembe ya mji. Hakupigiliwa vyuma miguuni. Alitembea peku, kwa kwato zake mwenyewe, na Baba alijivunia jambo hilo kama watu wanavyojivunia meno mazuri.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Unasimama ubavuni mwa farasi, unateremsha mkono polepole mguuni na kusema, "Haya, mama, lete," naye anauinua mguu. Kwa ndoano butu ya chuma unachokoa samadi, udongo na vijiwe vilivyonasa. Kisha unakitazama kile kipande laini cha katikati, chenye umbo la pembetatu, unakibonyeza na kukinusa. Ndiyo, unakinusa. Shangazi, dada yake Baba, ndiye aliyemfundisha hivyo. Yeye alikuwa fundi wa kukata kwato na alizunguka mabanda mengi ya mji.

"Usione haya kunusa," alimwambia. "Ukwato mzima unanuka udongo tu. Ukinuka kitu kingine, nitafute."

Mguu ukishakuwa safi, ndipo unaupaka ukwato mafuta meusi kwa nje, kwa brashi. Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya banda lao. Baba aliwahi kuumia mgongo na hakupenda kuinama. Alisimama mlangoni, akatazama chini, na akiona kwato nne zinang'aa alisema, "Safi kabisa," akaenda kufunga mkokoteni.

Banda lilikuwa na vizimba viwili vilivyotenganishwa na ukuta wa mbao. Cha Majivu hakikufungwa, maana hakuwahi kutoroka. Cha pili kilikuwa kitupu. Humo ndimo alimoishi farasi mzee aliyevuta mkokoteni kabla ya Majivu. Alikufa msimu wa baridi, na walipomkuta asubuhi alikuwa ameegemea ule ukuta wa mbao, kichwa kimeelekea upande wa mwenzake. Baba alitandika maranda mapya mle ndani, akaweka ubao mlangoni, na hakuna aliyetaka kuingia tena.

Mguu wa nyuma wa kulia wa Majivu ndio uliokuwa upande huo. Ili kuuinua, ilimbidi Chiriku ajibane kati ya farasi na mbao, mahali ambapo mwanga wa mlangoni haukufika.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa umejaa uani hata nyumba haikuonekana. Chiriku alikuwa ameinama pale, ndoano mkononi, aliposikia mtu akipumua nyuma yake.

Alidhani ni kaka yake. "Acha mchezo," alisema bila kugeuka.

Pumzi ikaja tena. Ilikuwa ndefu, yenye joto, na ilipita katikati ya mbao ikamgusa shingoni. Ilitoka ndani ya kizimba kitupu.

Chiriku aliuachia mguu, akatoka mbio hadi uani. Alisimama kwenye ukungu. Majivu alitoa kichwa mlangoni, akamtazama, masikio mbele, kana kwamba naye anangoja kuambiwa kuna nini.

Muda wa shule ulikuwa ukikaribia. Kurudi pale hakuweza. Kusema kwamba anaogopa ukuta wa mbao, umri wake huu, hakuweza pia. Kaka yake angemcheka mwaka mzima. Basi alichovya brashi, akapita upande wa pili, akanyoosha mkono chini ya tumbo la farasi na kuupaka ule ukwato wa nne mafuta bila kuuinua.

Baba alikuja, akatazama. "Safi kabisa," alisema.

Ilikuwa rahisi mno. Kesho nitaufanya vizuri, Chiriku alijiambia. Kesho yake ukungu ulikuwa pale pale, na mbao zilikuwa pale pale. Akaupaka tena.

Wakati huohuo Shangazi alikuwa amevunjika kifundo cha mkono. Plasta ilimfika kiwikoni, na kwa kipindi kirefu hakushika kisu wala tupa. Kwato za Majivu zikarefuka kama kucha za mtu mgonjwa, zikaanza kuchanika pembeni. Lakini kila asubuhi ziling'aa.

Kisha mvua zikaanza, na mambo ya ajabu yakaanza pamoja nazo.

Kwanza ilikuwa sauti. Chiriku alikuwa akiosha vyombo na mama yake jioni, Baba aliporudi na mkokoteni kwenye njia ya mawe. Siku zote waliujua mwendo wa Majivu kwa masikio. Jioni hiyo walisikia ko, ko, ko, kisha kimya. Ko, ko, ko, kisha kimya.

Mama aliacha sahani ndani ya maji. "Hiyo ni nini inayokuja?"

"Kitu cha miguu mitatu," alisema kaka yake Chiriku, akicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye, akachungulia dirishani.

Halafu ikaja harufu. Ilikuwa hafifu, tamu kidogo, kama maua yaliyosahauliwa ndani ya maji ya chombo. Baba alisema ni panya aliyekufia ukutani. Aling'oa mbao mbili, akamulika, akazirudisha. Hakukuwa na panya. Siku iliyofuata harufu ilikuwa kali zaidi, na cha kutisha, haikukaa mahali pamoja. Mara ilikuwa mlangoni, mara karibu na pipa la maji, mara nje kabisa, chini ya dirisha la Chiriku.

Na asubuhi moja kizimba cha Majivu kilikutwa kitupu. Alikuwa kizimba cha pili, cha yule mzee, ameugeuzia ukuta uso, kimya. Ubao wa mlangoni ulikuwa umelala chini kwenye maranda.

"Nani ameutoa huu ubao?" aliuliza Baba.

Hakuna aliyeutoa. Walimrudisha kwake, wakaweka ubao. Asubuhi iliyofuata alikuwa kule kule, ameegemea mbao mahali palepale alipofia mwenzake.

"Anamwita," alisema kaka yake Chiriku, na safari hii hakuwa akitania. "Mzee anamwita."

"Funga mdomo wako," alisema Mama, lakini alijifunika mabega kwa khanga ingawa hakukuwa na baridi.

Ikafika siku Majivu akakataa kukanyaga njia ya mawe. Alisimama kwenye majani ya pembeni, anatetemeka, jasho linamtoka, macho yameelekea mahali ambapo hapakuwa na kitu. Baba alimpapasa miguu yote kuanzia juu hadi chini. Hapakuwa na uvimbe wala jeraha. Alipojaribu kuuinua ule wa nyuma, Majivu aliuvuta kwa nguvu karibu amwangushe.

Baba alimgeukia binti yake. "Chiriku, mwanangu, wewe ndiye unayemwinua miguu kila siku. Mguu huu umeuonaje? Una kitu?"

Lilikuwa swali rahisi. Chiriku alizitazama kwato nne nyeusi, zinazong'aa.

"Hauna kitu, Baba," alisema. "Ni msafi."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alimwamini, na kwa sababu alimwamini alianza kutafuta sababu mahali pengine. Wateja walianza kunong'ona kwamba farasi wake ana mkosi. Mwashi mmoja alikataa matofali yaliyoletwa na mkokoteni huo. Mama hakutaka tena kupita nyuma ya nyumba jua likishaanza kuzama. Mwishowe, wakiwa mezani, Baba alisema bila kumtazama mtu, "Kesho anakuja yule mwenye lori."

Kila mtu mjini alimjua mwenye lori. Alichukua wanyama ambao hawakutakiwa tena. Hakuna mnyama aliyepanda lori lile akarudi.

"Baba, hapana!" alisema Chiriku.

"Nifanyeje, mama yangu? Mnyama hana jeraha, hana homa, miguu yake misafi, na hatembei. Kitu kilichomwingia mimi sikijui. Nikimwacha atateseka tu."

Chiriku hakula tena. Alitaka kusema, lakini hata yeye hakujua aseme nini. Alidhani kweli kuna kitu ndani ya kile kizimba, kwamba alikisikia kikipumua na akakimbia, na sasa kimemchukua Majivu badala yake.

Asubuhi ukungu ulirudi, mzito kama ule wa kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha na ua wote ulikuwa tope. Chiriku alitoka bila viatu kwenda kumuaga Majivu. Kizimba chake kilikuwa kitupu. Sakafu ilikuwa imelowa, maji yameingia chini ya mlango. Katika kizimba cha pili napo hakuwepo. Farasi alikuwa amepotelea kwenye ukungu.

Mlangoni kulikuwa na nyayo. Chiriku akazifuata, ameinama. Nyayo tatu zilikuwa nzima, pana, zimezama. Ya nne haikuwa unyayo. Ilikuwa alama ndogo tu ya ncha, kama ya kitu kinachonyata. Tatu na ncha, tatu na ncha, zikipita kando ya pipa la maji, zikipita chini ya dirisha lake mwenyewe. Nywele zilimsimama. Alitamani kurudi ndani, ajifunike shuka, angoje lori lije na liondoke.

Lakini hii ilikuwa mara ya mwisho kumwona Majivu. Alipiga magoti mbele ya ile alama ya ncha, na harufu ikampanda puani kutoka kwenye tope lenyewe.

Akanusa unyayo wa mbele. Ulinuka udongo. Akanusa mwingine. Udongo. Akarudi kwenye ile ncha. Maua yaliyooza.

Harufu haikuwa ya ukutani. Ilikuwa ikitembea na Majivu. Ilikwenda mlangoni akienda mlangoni, na pipani akienda kunywa. Ilitoka kwenye mguu mmoja, mguu wa nyuma wa kulia, ambao kwa muda wote ule hakuna mkono uliowahi kuuinua.

Kwenye ukungu, ng'ambo ya ua, injini ililia na kuzimika.

Chiriku alipofika huko, Baba alikuwa tayari ameshika kamba ya Majivu. Mwenye lori, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa akiteremsha ubao wa kupandia. Shangazi naye alikuwepo. Alikuwa amesikia habari akaja kuaga. Plasta ilikuwa imeondolewa, na mfuko wake wa ngozi wenye vifaa ulining'inia begani kwa mazoea tu.

"Shikamoo, Shangazi," alisema Chiriku.

"Marahaba, mwanangu. Mbona magoti yote tope?"

"Baba, sijauinua."

"Hujainua nini?"

"Mguu ule. Nilikudanganya. Tangu siku za ukungu sijauinua hata mara moja. Nilikuwa naupaka mafuta tu." Alisema yote kwa mkupuo, asije akarudi nyuma. "Kuna kitu kilipumua nyuma ya mbao, nikaogopa. Halafu ukaniuliza, nikasema ni msafi. Siyo msafi. Unanuka. Ni wenyewe unaonuka, Baba, siyo panya."

Baba alimtazama kama hamjui. Mkono ulioshika kamba ulishuka taratibu.

"Sasa mzee," alisema mwenye lori, "napakia au sipakii? Safari yangu ndefu."

"Kaa kwanza, ndugu yangu," alisema Shangazi, ambaye tayari alikuwa akivua koti. "Huenda leo ukaondoka mikono mitupu."

Haikuwa rahisi. Majivu aliuvuta mguu, akasukuma, akatetemeka. Shangazi hakumpigia kelele. Aliweka kiganja nyongani, akakiteremsha kidogo, akangoja, akakiteremsha tena, akimsemesha maneno yasiyo na maana kama mtu anayembembeleza mtoto. Mwishowe mguu ukainuka, naye akaubana kati ya magoti yake.

Kwa nje ukwato uling'aa kama kiatu cha arusi. Chini yake palikuwa peusi. Udongo na samadi ya wiki nyingi vilikuwa vimeshindiliwa vikawa kama saruji, na Shangazi alipochokoa kipande cha kwanza, harufu ilitoka kwa kishindo hata mwenye lori akavua kofia akaziba pua.

"Toba!" alisema. "Huyo yu hai kweli?"

Kile kipande laini cha katikati kilikuwa kimelika, kimekuwa kama kitambaa kilichooza. Shangazi alikata kilichokufa, kidogo kidogo, kwa kisu kilichopinda. Kando yake aliona nukta nyeusi. Aliifuata kwa ncha ya kisu, taratibu sana, na ghafla maji ya kijivu yakafoka kutoka ndani ya ukwato.

Majivu alishusha pumzi ndefu. Kichwa chake kikainama, kikalala begani kwa Baba, na kutetemeka kukakoma.

"Jipu," alisema Shangazi. "Lilikuwa limefungiwa humu ndani. Kila akikanyaga jiwe, ni kama anakanyaga msumari. Ndiyo maana anahama usiku. Kizimba chake kimelowa na kigumu. Kule kwa mzee kuna maranda makavu. Anasukuma ubao kwa kifua, anakwenda kupumzisha mguu. Haitwi na mtu."

Mwenye lori aliinua ubao wake wa kupandia. "Mimi sina kazi hapa," alisema, na ilionekana hakuchukia. Lori likamezwa na ukungu.

Waliuosha ukwato kwa maji ya chumvi, wakautia dawa na kuufunga kitambaa safi. Mchana daktari wa mifugo alifika kumdunga sindano. Alimpa Majivu mapumziko, akaagiza akae pakavu. Jioni ile Baba alimhamishia kizimba cha pili kwa mikono yake mwenyewe, kisha akakaa kwenye ndoo iliyofunikwa, amekunja mikono. Chiriku alisimama mbele yake akingoja adhabu.

"Nilikuuliza," alisema Baba. "Ukanitazama machoni."

"Ndiyo, Baba. Nisamehe."

"Nilikaribia kumpakia. Unajua? Nilikuwa nimeshaishika kamba." "Nami nilitazama mng'ao tu. Mgongo unauma, ndiyo, lakini mara moja moja ningeweza kuinama. Sitasema kosa ni lako peke yako."

Shangazi alikuwa akifuta kisu chake kwa kitambaa. "Chiriku, njoo unionyeshe ni wapi ulipoisikia hiyo pumzi."

Chiriku alimpeleka mahali palepale kwenye giza, kati ya mbao na nafasi ya farasi. Walisimama wameinama, bega kwa bega. Kwa muda hakukuwa na kitu. Kisha upande wa pili wa ukuta kukatoka ile pumzi, ndefu, yenye joto, ikapita katikati ya mbao. Chiriku alimshika Shangazi mkono.

"Nimeisikia," alisema Shangazi kwa sauti ya chini. "Sasa hivi ni Majivu, yuko huko. Siku ile hakuwa huko, kwa hiyo sijui. Huenda ni pumzi yake mwenyewe ilipiga mbao ikazunguka. Huenda ni upepo wa darini. Hata mimi nywele zimenisimama, si utani."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Sasa nisikilize vizuri, maana sitalisema mara mbili. Kuogopa si kosa. Ungekuja ukasema, 'Shangazi, naogopa pale,' tungesimama hapa wawili kama tulivyosimama sasa, na mguu ungeinuliwa. Wewe uliufunika woga kwa mafuta. Na mguu wa farasi peku hausubiri mpaka sisi tupate ujasiri. Kila siku usafishwe, na kila baada ya wiki chache ukwato ukatwe, hata ukionekana mzuri. Hasa ukionekana mzuri. Kitu usichokiinua ukakitazama, usiseme ni kisafi. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Shangazi."

"Basi. Kanawe magoti, unatisha kuliko hicho kinachopumua."

Majivu hakuvuta mkokoteni kwa muda mrefu. Shangazi alikuja kila mara kumkata kwato zote, akipunguza ncha kwa tupa hadi zikarudi kuwa fupi na za duara, na kile kipande cha katikati kikaota upya, kikavu na kigumu kama mpira. Baba alichimba mfereji nyuma ya banda, maji yasiingie tena, akamrudisha Majivu kwenye kizimba chake. Wale waliokuwa wakinong'ona waliona farasi anatembezwa uani, kisha barabarani, wakatafuta jambo lingine la kunong'ona.

Siku ya kwanza Chiriku aliporudishiwa kazi yake, ukungu ulikuwa umefunika ua wote. Alisafisha mguu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Alipofika kwenye mbao alisimama. Mle ndani palikuwa peusi, na kimya kilikuwa cha namna ile ya mtu anayesikiliza.

Aligeuka kuelekea nyumbani. "Baba!" aliita kwa nguvu, bila kujali kama kaka yake anasikia. "Njoo na taa, unimulikie! Naogopa!"

Mlango wa nyumba ukafunguka, na mwanga wa njano ukaanza kuja kwenye ukungu. Chiriku hakungoja ufike. Aliteremsha mkono mguuni.

"Haya, mama," alisema. "Lete."